Solo Niliyopiga Nimefumba Macho

Jamani, mimi niliaibika Matema, ufukweni mwa ziwa, mbele ya watu, tena nikiwa nimepiga magoti, na hadi leo nikikatiza Kyela mjini kuna wanaofumba macho na kutikisa vichwa wakiniona. Bora nisimulie mwenyewe, maana wengine wakisimulia wanatia chumvi.

Bendi yetu ya roki ilikuwa ya watu watatu: mimi gitaa, Ambakisye ngoma, Tupokigwe mwimbaji. Albamu ya kwanza ilivuma kuanzia Ipyana hadi ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, na kilichovuma ni sauti ya Tupokigwe (ilinichukua muda kulikubali hilo). Basi ya pili nikaijaza solo za gitaa. Tupokigwe akaniambia waziwazi, "Kaka, na hii nikiwa msindikizaji, nakwenda Mbeya. Kuna bendi inanitaka." Nikamwambia atulie, siku ya uzinduzi kule Matema ataonekana kuliko wote, na ndipo nikakodi taa kubwa za kumulika uwanja, nikazielekeza jukwaani, na jukwaa lenyewe lilikuwa limelipa ziwa mgongo, kwa hiyo tukalimulika na ziwa.

Watu walijaa. Jua likazama, taa zikawaka, wimbo wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili, Tupokigwe akiwa anapandisha sauti, nikafumba macho (wapiga gitaa wakubwa hufumba macho, ndivyo nilivyoamini) nikaingia na solo. Nikasikia makelele, vigelegele, watu wanakimbia, nikasema moyoni leo nimewapata! Nikapiga magoti, nikairefusha. Ngoma ikanyamaza, nikajua Ambakisye ananipisha kwa heshima. Vitu vikawa vinanigusagusa usoni, nikadhani wananirushia maua.

Nikafumbua macho. Wale vijidudu wa ziwani wanaopanda kama moshi walikuwa wamefuata taa, wingu zima, na watu wote wamenipa mgongo wanawavuna kwa khanga na ndoo, na wa nyumba za jirani walishakimbilia nyungo zao, maana huku kwetu wadudu hao huliwa, na kitoweo cha bure nani atakiacha? Ambakisye alikuwa amevua shati, analijaza. Tupokigwe hakuwepo.

Nilimkuta nyuma ya spika, amejifunika khanga, anakohoa na kutema. Vijidudu walimwingia mdomoni katikati ya wimbo.

"Nilikushika bega unisaidie," akasema. "Ukanisukuma kwa kiwiko, ukaendelea."

Sikukumbuka kabisa, na hapo ndipo niliona aibu ya kweli.

Bibi mmoja akapita na ndoo yake imejaa. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru. "Taa zenu nzuri sana. Mtazileta tena lini?"

Hakusema lolote kuhusu gitaa. Tupokigwe alicheka hadi akakohoa upya, akaniaga vizuri tu, na kesho yake akaenda Mbeya.

Siku hizi napiga kwenye harusi za watu. Macho wazi, namtazama mwimbaji tangu mwanzo hadi mwisho (mmoja alishalalamika kwamba namtisha), na nikiguswa bega naacha kupiga papo hapo, hata kama ni mtu anaomba njia tu.