Aliyemlisha Mke Mwenzangu

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa michembe. Asubuhi tulikulaga viazi hivyo vikavu, mchana hakuna kitu, jioni ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa, mweusi kama udongo wa mbugani, na mboga ni mlenda usio na hata furu mmoja, yule samaki mdogo wa ziwani, wa kuuchangamsha. Mahindi yalikaukia shambani yakiwa kimo cha goti. Kama huukumbuki mwaka huo, basi ulikuwa unalishwa na mtu.

Ndio mwaka mke mwenzangu aliteleza kisimani kule Butiama, akavunjika nyonga.

Nikueleze habari za huyo. Marehemu mume wetu alinioa mimi kwanza, nikalima pamba mpaka nyumba ikapata bati. Halafu akamleta yeye, mweupe, ana mwanya, anaimbaga kanisani mpaka wazee wanasahau kukohoa. Bati ni jasho langu, aliyelala chini yake ni yeye. Mimi nikahamia Nyasura, hapa Bunda mjini, chumba kimoja na jiko la nje. Miaka yote nikisikia sauti yake inasifiwa, tumbo linaniwaka kama nimemeza pilipili.

Sasa kalala kitandani. Wanawe wawili wako Musoma, wana kazi nzuri, wanamtumia sauti kwenye simu: "Mama, tunafunga na kuomba kwa ajili yako." Kina mama wa kanisa lake wanakuja, wanaimba, wanamwekea mikono, wanaondoka. Nikaenda kumtazama. Sikwenda kwa huruma, nilikwenda kuona kama uzuri umeisha. Nikakuta shuka limelowa, midomo imepasuka, na jikoni paka kalala katikati ya mafiga.

"Huyu kala nini?" nikawauliza wale kina mama.

"Bibi, tumemwombea," mmoja akajibu.

"Nimeuliza kala nini."

Nikatafuta bajaji, nikampakia, nikaja naye kwangu.

Nilimwosha. Nilimgeuza. Nilimkorogea uji, mimi nikatafuna michembe ili uji umtoshe yeye. Na mgeni akija kumjulia hali, anafumba macho, anasema, "Bwana ananilisha." Mimi nimesimama mlangoni na mwiko mkononi! Nimewaonea wivu wanawake wengi maishani, lakini mwaka huo nilimwonea wivu mpaka Mungu.

"Huyo Bwana wako," nikamwambia mgeni alipotoka, "kesho mwambie aje achochee moto. Kuni ni mbichi."

"Usikufuru, mkubwa."

"Sikufuru. Mimi nimebatizwa kabla yako, na namwaminiga kuliko wewe. Mungu akitaka kulisha mtu anatuma mtu, na huyo aliyetumwa mgongo unamuuma. Wewe unamshukuru aliyetuma, aliyetumwa unampita kama nguzo."

Kisha akaomba uji mwingine, shingo ngumu yule.

Nilitaka kitu kimoja tu: aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba mimi ndiye nilimlisha. Nilikingoja kuliko nilivyongoja mvua.

Mvua ilitangulia. Kishamba changu cha Mugeta kikatoa mahindi, na yeye akawa anatembea kwa fimbo. Siku niliyochoma mahindi ya kwanza, wanawe wakafika na gari, wamevaa suti. Wanataka kumpeleka Musoma asimame kanisani kwao, watu wauone muujiza.

Kwetu mahindi mapya hayagusi mdomo wa mtu kabla mke mkubwa hajayaonja. Hata mume anangojaga. Lakini yule mwanawe wa kwanza akasali sala ndefu, akachukua hindi la juu kabisa, akampa mama yake.

"Onja, Mama. Wewe uliyeponywa."

Nikahisi moto wa jikoni umehamia kifuani kwangu.

Mke mwenzangu akaligeuza lile hindi. Hakuling'ata. Akaninyooshea mimi.

"Onja kwanza, mkubwa. Walioomba walikuwa wameshiba makwao. Wewe ndiye ulinilisha."

Nikaling'ata mbele ya zile suti. Tamu! Na bado sikutosheka. Nilitamani aseme tena, kwa sauti ile ya kwaya.

"Asante sana, mama mkubwa," mwanawe akasema, huku anapangusa vumbi kwenye kiatu. "Umefanya kazi yako. Sasa tuachie tumchukue, ibada ni kesho."

Nikamtazama mke mwenzangu. Kakaa kwenye mkeka wangu, kanyoosha mguu, analitolea macho hindi la pili. Fimbo hata hajaigusa.

"Haendi. Nyinyi mwombeeni hukohuko Musoma, mimi nitampikia."

"Mama mkubwa! Huyu ni mama yetu. Waumini wote wanamngoja. Unataka kumnyima Mungu utukufu wake?"

"Haendi. Nyinyi mwombeeni hukohuko Musoma, mimi nitampikia."