Tabaka la Chini

Mwanangu, asubuhi ile sanduku la Sista Jerotich liliporudishwa kwenye karakana niliyofanyia kazi zamani naikumbuka kama ya leo, na hasira yake haijaniisha. Wala sitaki iniishe. Jana nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba mteja hawezi kufunua sponji ya chini, kwa hivyo mtu anaweza kuweka chochote. Basi weka kisu chini, ukae, unisikize.

Nilikuwa msichana mgeni hapa Eldoret, nimetoka nyumbani upande wa magharibi kutafuta kazi kama wengi wetu. Niliandikwa kazi na mtu aliyeitwa Titus, aliyekuwa akitengeneza magodoro na viti hapa mjini. Pale alikuwepo pia Mzee Barasa, fundi wa siku nyingi, mtu wa kwetu. Huyo ndiye aliyenifunza kazi, nami nilimheshimu kama baba.

Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukata sponji ya kuweka ndani ya haya masanduku magumu ya plastiki yanayobeba kamera na mashine. Unalaza kifaa juu ya karatasi, unakizungushia penseli, halafu unakata nafasi iliyo ndogo kidogo kuliko kifaa chenyewe ili sponji ikishike. Chini unaweka tabaka la sponji nzito, ile ukiigonga ngumi inakurudisha. Hiyo ya juu inapendeza macho. Hiyo ya chini ndiyo inayopigwa na barabara.

Sista Jerotich alikuwa muuguzi aliyezunguka vijijini na mashine ndogo ya skani, akiwapima akina mama wajawazito ambao mjini ni mbali kwao. Alituletea sanduku jipya, tupu. Tabaka la juu nilikata mimi: nafasi ya mashine, nafasi ya waya, nafasi ya kile kichwa kinachopitishwa juu ya tumbo, hata mahali pa kuingiza vidole ukitaka kuiinua. Kazi ile niliipenda. Titus akasema la chini atamalizia yeye, na sikuona ajabu.

Haikupita muda Sista akarudi, amelikumbatia lile sanduku. Alitueleza kwamba yeye na wenzake walienda kwenye mji mdogo wa Ziwa siku ya soko, akina mama wakiwa wameshapanga foleni, akafungua na kukuta kioo kimepasuka na mashine haiwaki. Kulikuwa na mama mmoja mwenye maumivu, na Sista hakuweza kuona mtoto amelala vipi. Uchungu ulimshika mchana uleule. Alikimbizwa Eldoret nyuma ya pikapu ya maziwa, katikati ya mikebe, akapasuliwa dakika za mwisho. Mungu alisaidia, yeye na mtoto wakapona. Lakini kazini Sista alikuwa ameambiwa kwamba ameiangusha mashine, na akae nyumbani kwanza waamue. Naye alikuwa ameanza kuamini. Alitaka tu tumwambie alikosea wapi kuibeba.

Titus alitikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, Sista. Hizi mashine zinataka mtu wa makini."

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafunua tabaka la juu. Chini yake palijaa vipande vya godoro kuukuu, vingine bado vina kitambaa, vimebonyea kama chapati. Nilipovibonyeza, kidole changu kiligusa plastiki ya sanduku.

Mzee Barasa aliona nilichoona. Akanishika mkono, akanitoa nje, akanieleza kwa lugha yetu kwamba mimi ni msichana, sina mtu hapa mjini, na mashine imeshaharibika, kusema hakutaiponya. "Nyamaza, binti yangu," akasema. "Hayo yameshapita."

Mwanangu, maneno hayo yalinichoma kuliko uongo wa Titus. Titus nilimjua mchoyo. Lakini huyu aliyenifunza kugonga sponji kwa ngumi, yeye ndiye ananiambia ninyamaze?

Nilirudi ndani nikavimwaga vile vipande mezani. "Sista, hukuangusha chochote. Mashine ilikuwa imelala juu ya takataka, na takataka hizi zimetoka hapa."

Titus alisema ni mimi niliyeziweka. Sista akamgeukia mzee, akamuuliza kwa adabu ni nani aliyefanya hivyo. Mzee Barasa akachukua mkasi wake, akarudi kwenye kiti alichokuwa akikishona. Titus akaniambia nivue aproni.

Niliondoka na Sista, sanduku mikononi, tukaenda hadi kwa wakubwa wake nikarudia maneno yaleyale. Alirudishwa kazini. Titus hakuna aliyemwuliza kitu. Kesho yake alifungua mlango kama kawaida. Hiyo nayo inaniudhi mpaka leo. Mimi nikabaki kushona viti kando ya barabara, mvua na jua, hadi Sista alipoleta sanduku lingine, kisha akanitumia watu wa chuo cha Chepkoilel na wapima mashamba. Hivyo ndivyo karakana hii ilivyoanza.

Mzee Barasa nilikutana naye baadaye mjini. Alinisalimu "binti yangu" kana kwamba hakuna lililotokea, nami nikamwitikia kwa heshima, maana ndivyo nilivyolelewa. Ila heshima haikunitaka ninyamaze siku ile, na wewe pia haikutaki unyamaze.

Kwa hivyo nakuambia wazi. Usiweke ndani ya sanduku la mtu kitu ambacho ungeona haya akikifunua mbele yako. Mtu asiye na kosa akibebeshwa kosa lako, au la bosi wako, au hata langu mimi, sema palepale, akiwa bado anasikia. Na mzee akikushauri unyamaze ili mwingine aumie, mwamkie vizuri, halafu useme.

Mungu akubariki mikono, mwanangu, na akutie ujasiri mdomoni. Kila utakachofunga kifike kizima, na anayekingoja akute umemfikiria.