Gunia Nje ya Geti

Leo asubuhi jirani yangu hapa Membley ameshushiwa samadi, na harufu yake imenirudisha kwenye ploti ya baba, yule bwana mkubwa wa kuvaa tai.

Alipojenga, udongo mzuri wa juu aliwaachia wenye lori wauchukue, kisha akapanda nyasi juu ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Kila Jumamosi alitufagiza majani yote akayachoma, eti boma lifanane na la watu waliosoma. Nyasi zikakauka kama ufagio. Yeye akazidi kuzimwagilia maji.

Siku moja cucu, mama yake, alikuja kutoka shambani na gunia la samadi ya mbuzi mgongoni, mkanda umemkaza kichwani.

"Unachoma chakula cha nyasi, halafu unazipa maji matupu?"

"Mami, weka hiyo kitu nje ya geti. Nina wageni."

Cucu aliliweka nje, akarudi kwake bila kunywa chai.

Mvua ilinyesha, gunia likapasuka. Nyasi chache zilizobaki zilipenya chini ya geti, zikalifuata lile gunia, zikanawiri huko nje hadi tukawa tunazilalia tukitoka shule.

Baba alipoziona alichukua jembe akazing'oa zote. Alisema zinaharibu sura ya geti.