Kazi ya Kulala

Baba yangu alimwita mume wangu "yule anayelala". Wala hakumwita hivyo kwa siri. Kila Jumapili, mume wangu akiwa chini ya gari la mtu hapo uani kwetu Temeke, miguu tu ndiyo inayoonekana, baba alikuwa akipita na kopo lake la maji ya kunawa na kuniuliza kwa sauti, "Mumeo bado hajaamka?"

Baba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini, na kwake kazi ilikuwa kukaa chini, mti katikati ya nyayo, tezo mkononi. Mwanamume anayefanya kazi chali hakumwelewa kabisa. Tena mume wangu alikuwa mtu wa bara, tena nilimchagua mwenyewe. Mwaka mzima tangu ndoa, baba hakuwahi kumsemesha. Mume wangu akimwamkia, "Shikamoo, baba," alijibiwa "Marahaba" na basi. Mengine yote yalipitia kwangu, hata tukiwa tumekaa mkeka mmoja watatu sote: "Mwambie mumeo chumvi iko karibu yake."

Nilikuwa na mimba ya miezi saba na ulimi mkali. "Mwambie mwenyewe, baba, ana masikio," nilikuwa nikimjibu, kisha naenda jikoni kulia. Mwaka ule nilitaka jambo moja tu, mtoto wangu azaliwe katika nyumba ambayo baba yake na babu yake wanazungumza.

Ndipo likaja lile gari. Enzi zile za Mwingereza, magari yaliyofika uani kwetu yalikuwa marefu kwenda juu, mtu anaingia chini bila taabu. Hili lilikuwa gari la mbio la Mzungu mmoja kijana, la viti viwili, halina paa, na lilikuwa fupi mno. Kuku wetu mmoja alikimbilia chini yake akatokea upande wa pili amekasirika, manyoya yamevurugika. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kumwaga oili chafu, kutia mpya, kupaka grisi. Tatizo ni kwamba jeki haikuingia.

Mume wangu alilizunguka gari mara mbili huku akicheka peke yake. Akaleta mbao mbili nene, akaliendesha polepole mpaka magurudumu ya mbele yakapanda juu ya mbao. Hapo jeki ikapata nafasi. Akalinyanyua, akaweka chini yake mawe mawili ya matumbawe yaliyobaki tulipojenga choo, kisha akaziondoa mbao na kushusha jeki ili gari liyakalie mawe.

Baba aliacha kuchonga. Akayatazama mawe, akanigeukia mimi niliyekuwa nikichambua mchele.

"Mwambie mumeo mawe yale ni ya pwani. Yameliwa na chumvi."

Mume wangu alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, kichwa chake ndani ya sanduku la spana, anagonganisha vyuma na hasikii kitu. Mie nilikuwa nimechoka kuwa tarishi.

"Mwambie mwenyewe," nilisema.

Baba akafumba mdomo. Nami nikaufumba wangu. Nimeishi miaka mingi na bado naona aibu kuiandika sentensi hii: tulinyamaza wote wawili, kila mmoja na kiburi chake, tukimtazama mtu tunayemjua akitandika gunia na kulala chali kando ya gari.

Alikuwa ameingiza mkono mmoja tu wakati jiwe la kulia lilipopasuka. Gari likaanguka kwa kishindo. Aliuvuta mkono, ngozi ya kiwiko ikabaki huko. Gari refu likianguka huenda likamwachia mtu nafasi, lakini hili lisingeacha hata unene wa mkeka. Sinia la mchele lilinitoka. Nilimshika mume wangu shati, nikamtukana, nikambusu mbele ya baba yangu, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

Nilipogeuka, baba hakuwepo. Akatoka ndani akiwa amekumbatia gogo lake la mpingo.

Gogo lile nililijua tangu utoto. Alikuja nalo kutoka kusini mwaka aliofariki mama, akaliweka chini ya kitanda, limeviringishwa guniani. "Mama yako yumo humu," aliwahi kuniambia. "Sijapata tu mlango wa kumtolea." Kila alipochonga simba na wazee wa kuuza, lile hakuligusa.

Akaliweka chini, akalipima kwa shubiri, akachukua msumeno.

"Baba, usilikate!"

Akaanza kukata. Mpingo hauna huruma na msumeno. Alikata tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri, anapumzika, anatia makali, anaendelea, vumbi jeusi likimjaa magotini. Mume wangu alitaka kumpokea msumeno, nikamzuia. Vilipotoka vipande viwili vilivyo sawa, nilikuwa nalia waziwazi. Baba akanitazama.

"Mama yako hakupenda kukaa bure," alisema. "Mwache afanye kazi."

Gari likanyanyuliwa tena, mbao kwanza, kisha jeki. Baba mwenyewe alivisukuma vile vipande mahali pake, akavigonga kwa ngumi, akautingisha mlango wa gari kwa nguvu zake zote. Halikusogea. Mume wangu alisimama tu, kiwiko kimefungwa kipande cha khanga yangu, na niliona kwamba anaogopa. Mpaka siku ile sikuwahi kumwona akiogopa gari.

Baba aliliokota gunia, akalikung'uta mchanga, akalitandika upya kando ya gari. Nikajiandaa kupokea ujumbe. Lakini hakunigeukia mimi.

"Lala, mwanangu," alimwambia.

Mume wangu akalala. Baba akakaa mchangani karibu na gurudumu, akaweka kiganja chake juu ya mpingo, na hakukiondoa mpaka mume wangu alipotoka.