Kabureta ya Kate

Nilipohamishiwa Sumbawanga kutoka Mbeya kufanya kazi ya mifugo, nilinunua pikipiki kuukuu ya porini, ndefu, tanki limepauka, kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Wenzangu ofisini walinicheka. Walisema pikipiki ya aina ile haina vipuri tena, na mwanamke mfupi kama mimi angehitaji ngazi kuipanda. Ila mvua zilipokolea na bodaboda zao zikakwama kwenye matope, yangu ilipita.

Shida ilianza kabureta ilipopasuka. Fundi wangu, mzee mmoja wa Majengo asiyependa maneno mengi, aliiziba kwa gundi ya chuma, ikashika kwa muda, ikaachia. Tukazunguka maduka ya vipuri. Kila muuzaji alitoa kabureta ya bodaboda na kuapa kwamba inaingia. Tukafunga moja. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, lakini kila nilipoanza kupanda kilima injini ilikohoa kama mbuzi mwenye homa ya mapafu, nami nikashuka kusukuma.

Ndipo fundi akakumbuka kwamba aliwahi kuona pikipiki kama yangu kule kijijini Kate, kwa mjane wa katekista. Jumamosi tukaenda, yeye mbele na bodaboda yake, mimi nyuma nikikohoa.

Tuliikuta imeegemezwa ukutani kwenye banda, kuku wamelala juu ya kiti chake. Mwenye nyumba, mama wa rika la mama yangu, alikuwa anapepeta ulezi uani. Nikampa shikamoo, nikaeleza kilichonileta. Aliitikia, akaendelea kupepeta. Baadaye akasema wanawe walitaka kuiuza chuma chakavu, akawakatalia. Marehemu aliizungusha vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, miaka yote ya utumishi wake, na yeye hakuwa tayari kuiona ikikatwa vipande.

Nikamwambia nimeelewa, nikainuka kuaga.

"Kaa kwanza, mwanangu," akasema. "Hiyo uliyokuja nayo ni aina ile ile?"

"Ile ile, mama."

"Mkikifunga hicho mnachokitaka, italia kama hii ilivyokuwa ikilia?"

Fundi ndiye aliyesema kwamba italia hivyo hivyo.

"Basi fungueni. Lakini mfungie hapa hapa, niisikie."

Mdomo wa kabureta ulikuwa umezibwa na kiota cha nyigu. Fundi alikitoa kwa kijiti, akaiosha kwa petroli, akapitisha uzi mwembamba wa waya kwenye vitundu vyake. Mimi nilishika tochi ya simu na kuomba kimoyomoyo. Tulipoifunga nikapiga kiki mpaka mguu ukauma. Kisha ikawaka, ikatulia kwenye ule mngurumo wake mzito.

Mama aliacha ungo. Alisimama kando ya pikipiki, kiganja juu ya tanki. Halafu akaingia ndani. Nikadhani tumemuumiza, nikaizima. Kumbe alikwenda kujifunga kitenge kingine. Akatoka akaniomba nimpeleke shambani kwake, ng'ambo ya kijito, alikokuwa akipelekwa na mumewe.

Tulikwenda polepole, upepo baridi ukitupiga usoni. Akanisimulia kwamba marehemu hakumruhusu kumshika kiuno mbele ya waumini, kwa hiyo miaka yote alishikilia keria. Akacheka. Mikono yake ilikuwa imenizunguka mimi, imekaza. Tulipofika hakushuka. Aliutazama ulezi uliokuwa haujavunwa, akasema inatosha, turudi.

Alinipa ile kabureta, na baadaye vipuri vingine kadiri vyangu vilivyochakaa: sproketi, waya wa klachi, hata rimu ya nyuma. Kila ninapokwenda kuchanja ng'ombe upande ule nampitia. Chujio la hewa nalisafisha mwenyewe uani kwangu mtaa wa Kizwite, maana vumbi la kiangazi halina huruma, na oili sisubiri iwe nyeusi. Mama hunipigia simu mara kwa mara. Huulizia pikipiki kwanza, kisha wanangu.