Ndevu za Mjomba Ezra

Shuka la mzuka halitakiwi liwe jeupe. Likiwa jeupe kweli, jua la California likilipiga, kwenye filamu linakuwa doa la mwanga tu, humwoni mzuka wala cha kumtisha mtu. Kwa hiyo nilikuwa nalilowesha kwenye chai ya rangi iliyokolea, nalikamua, nalianika nyuma ya banda la mavazi, na likikauka linatoka na rangi ya meno ya mzee anayetafuna tumbaku. Kwenye picha, hapo ndipo linapoonekana jeupe. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, na mashuka kumi na moja kati ya hayo yalikuwa ya mtu mmoja, Elzie Tackett.

Kama ulikuwa unakwenda sinema Jumamosi mchana katika miaka ile ya dhiki, Elzie umemwona mara nyingi na hujamwona hata mara moja. Filamu zetu za kauboi tulizipiga kwa siku sita, na hadithi ilikuwa ileile. Msichana anarithi ranchi ya babake. Ranchi ina nyumba, nyumba ina mzuka. Wafanyakazi wanatoka mbio, mpishi anaacha sufuria ya maharage motoni, na kauboi mmoja mwenye kofia safi kupita kiasi anasema yeye haogopi. Kukaribia mwisho mzuka anakamatwa, anavuliwa shuka, na kumbe ni mjomba wa msichana, anautaka mgodi wa dhahabu ulio chini ya nyumba. Wakati wote alikuwa mjomba. Mara moja tulijaribu wakili, wenye majumba ya sinema wakalalamika.

Nyumba yenyewe ilikuwa vilimani kule Newhall, na ilikuwa uso tu, mbao na rangi, nyuma yake magongo yameiegemea isianguke. Usiku wake tuliupiga saa sita mchana. Mpiga picha anaweka kioo chekundu mbele ya kamera, mbingu inaingia giza kwenye filamu, na sisi huku jasho linatutoka. Watu walioniambia hawakulala kwa kuogopa usiku ule wa Newhall sikuwahi kuwaambia kwamba tulikuwa tunasubiri chakula cha mchana.

Elzie alikuwa mchunga ng'ombe wa kweli, wa Oklahoma, upande ule mwembamba wa jimbo ambako upepo haupumziki. Mkewe alifariki kwa homa ya matumbo. Ukame ukala malisho, na siku moja akapanda treni kusindikiza ng'ombe wa tajiri mmoja hadi Los Angeles, akimwacha binti yake Ardith, wa miaka mitano, kwa bibi yake mzaa mama huko Tolliver. Ng'ombe wakachinjwa, Elzie akabaki. Akawa anasimama kona ya barabara ya Gower pamoja na wachunga ng'ombe wenzake wasio na ng'ombe, kofia kichwani na ngozi zao za kupandia farasi miguuni, wakingoja mtu wa filamu aje achague.

Mwongozaji wetu, Fenner Coyle, alimchagua kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na anaruka kutoka ghorofani hadi mgongoni mwa farasi bila kulalamika. Katika filamu yake ya pili farasi alimpiga teke la uso. Pua ikahamia kushoto, meno matatu yakaenda. Coyle alimkagua, akasema hasara iko wapi, si uso uko ndani ya shuka. Elzie naye akacheka na damu mdomoni. Mtu huyo angecheka hata ukimkanyaga kidole. Mambo ya teke hakuyaandika nyumbani, hakutaka mtoto aogope.

Sasa sikiliza tulivyofanya kazi, maana shida yote ilitoka hapo. Mzuka na mjomba hawakuwa mtu mmoja. Elzie ndiye aliyekimbia juu ya paa, akapita dirishani, akaanguka ngazini. Ikifika saa ya kuvuliwa, kamera inasimama, Elzie anatoka kwenye shuka, na anaingia Lucian Prather, aliyecheza mjomba, mtu mwenye sauti nzuri aliyelalamika kila mara kwamba shuka lina jasho. Kamera inaanza tena, shuka linavutwa, na uso unaoonekana ni wa Prather. Tuliona ni kawaida. Mimi mwenyewe nilikuwa nampulizia Prather manukato asinung'unike.

Ardith hakuona ni kawaida. Kila filamu yetu ilipofika Tolliver alikwenda, akakaa mpaka mwisho, kisha akaandika: baba, sikukuona, ulikuwa nani? Elzie akamjibu kwamba yeye ndiye mzuka. Mtoto akalipeleka hilo shuleni kwa fahari, na wenzake, ambao wote walikuwa wamemwona mjomba akivuliwa, wakampa jina. Elzie aliniletea barua ile nimsaidie kusoma sehemu iliyomshinda, ingawa naamini haikumshinda kusoma. Walikuwa wanamwimbia, baba yako ni shuka, baba yako ni shuka. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba bibi ana picha ya harusi, lakini ameiangalia sana mpaka imekuwa ya mtu asiyemjua. Alitaka amwone baba yake mara moja tu.

Tangu siku hiyo Elzie hakuwa na ombi jingine duniani. Alimwendea Coyle kabla ya filamu ya saba, ya nane na ya tisa, kofia mkononi, akiomba avuliwe yeye. Coyle alimjibu kwamba uso wake ungewatisha watu kuliko shuka.

Kwenye filamu ya kumi, Prather alipata kazi kwa wengine wenye fedha zaidi, akaondoka Jumatano, na kuvuliwa kulikuwa Ijumaa. Elzie alinijia pale bandani anakimbia, viatu vina vumbi hadi magotini.

"Dada Cordie, navuliwa."

"Unavuliwa nini, suruali?"

"Shuka! Ijumaa. Mimi mwenyewe, uso huu."

Nilimkumbatia, sina aibu kusema. Mchana uleule aliandika barua, akaituma kabla hajala. Alimwambia Ardith aingojee filamu ile, isimpite, awaite wote waliomcheka, kwa sababu shuka likitoka atakayemwona ni baba yake.

Ijumaa asubuhi Coyle alikuja mezani kwangu, akatupa mfuko wa sufi ya mvi. Mimi niliuona mfuko ule nikajua. Katika filamu yote Prather alikuwa na ndevu za bandia hadi kifuani, mimi ndiye niliyembandika kila alfajiri kwa gundi.

"Mtazamaji si mjinga, Cordie," Coyle alisema. "Mjomba Ezra amekula chakula na ndevu, atavuliwa na ndevu."

Elzie alikaa kwenye sanduku. Alikuwa ameoga, nywele amezichana na maji. Coyle alipotoka akaniambia kwa sauti ya chini nizibandike chache.

Nilibandika chache. Niliacha mashavu wazi, na kidevu kikaonekana kidogo. Coyle akachungulia kwenye kamera, akapiga kelele niongeze. Nikaongeza. Akasema bado anaona kidevu cha mtu mwingine. Nikaongeza masharubu, nikaongeza nyusi, nikampaka unga wa mvi kichwani, mpaka pakabaki macho tu na ile pua iliyohamia kushoto. Kazi yangu naijua, na siku ile nilitamani nisiijue. Ningeweza kukataa. Lakini nje ya geti la studio kulikuwa na wanawake arobaini wanaokitaka kiti changu, na mimi nilikuwa na tumbo la kulisha kama wao. Sisemi hivyo nisamehewe, nasema ilivyokuwa.

"Mwandikie tena," nilimwambia. "Mwambie kuna ndevu. Mwambie na habari ya pua."

"Aa, dada. Mtoto atamjua babake hata akivaa gunia la viazi. Damu nzito kuliko maji."

"Damu haionekani kwenye filamu, Elzie. Andika."

"Nitayatoa macho. Macho yangu ndiyo yake."

Saa sita mchana usiku ulianza. Kauboi alimkamata mzuka barazani, akalivuta shuka, na msichana akalia, "Mjomba Ezra!" Na Elzie, badala ya kuinamisha kichwa kama alivyoagizwa, akageuka akaitazama kamera moja kwa moja, kitu ambacho haturuhusiwi kabisa, akaikodolea macho mpaka yakamtoka machozi. Coyle alitukana, lakini filamu kwenye mkebe ilikuwa inaishia na hatukupiga mara ya pili. Elzie alirudi bandani akicheka. Nilimbandua ndevu zile kwa mafuta ya taa, ngozi yake ikawa nyekundu, naye akasema hakumbuki siku nzuri kama hiyo tangu harusi yake.

Miezi mitatu ikapita. Barua ya Tolliver ilifika siku tunafungasha kwenda Newhall kwa filamu ya kumi na moja, na Elzie aliifungua palepale kwenye ubao wa lori. Alisoma mara mbili. Halafu akanipa mimi, akaenda kumwangalia farasi asiyehitaji kuangaliwa. Niliisoma nimesimama, na neno kwa neno bado ninayo.

"Kwa anayeandika kwa jina la Elzie Tackett. Jumamosi nilikwenda na bibi na mwalimu na darasa zima, maana niliwaambia wote. Bibi hajawahi kuingia sinema maisha yake. Shuka lilipotoka tuliona mzee. Yule dada alimwita mjomba. Bibi alisimama akasema kwa sauti, huyo si Elzie, Elzie namjua, hata pua si yake. Watu walicheka sana. Bibi anasema baba alikufa zamani, na huko kuna mtu mwema anayetuandikia kwa huruma ili nisilie. Kama ni hivyo, asante. Lakini sasa mimi nina miaka kumi na miwili, naomba uache. Kama unajua alipozikwa, tuandikie hilo tu, hatutakusumbua tena. Ardith."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yule bibi, nikamkasirikia Coyle, na mimi mwenyewe nikajikasirikia zaidi. Nilimshika Elzie mkono, nikamburuta hadi kwa mpiga picha wa mtaani, nikamwambia leo utapigwa picha bila ndevu, bila shuka, uipeleke, wakuone. Alikubali kama mtoto anayepelekwa kliniki. Picha ilipotoka tuliiangalia wote wawili. Mtu aliyekuwa pale alikuwa na pua imelala, midomo imeingia ndani meno yalipokosekana, na nywele chache, nyingine kwa miaka saba zilikuwa zimekwenda bila kuaga. Nilijaribu kumwona kijana wa picha ya harusi, na sikumwona.

"Hata mimi ningesema si yeye," Elzie alisema.

"Basi nitaandika mimi. Nitaapa kwa Biblia kwamba wewe ni wewe."

"Wataona ni yule mtu mwema tena, amepata mwanamke wa kumsaidia kudanganya." Aliikunja ile picha mara nne, akaitia mfukoni. "Lakini andika. Mwandiko wangu wanaujua. Andika wewe, mwambie alipozikwa."

Sikumwelewa mara moja. Nilipomwelewa nilimwambia ana wazimu, baba aliye hai hajiziki. Hakunikatiza. Aliacha nimalize matusi yangu yote, nayo hayakuwa machache.

"Miaka saba nampa shuka, dada Cordie," alisema. "Sasa ameomba kaburi. Hilo ninalo."

Kama ningekuwa mtu bora ningekataa. Lakini nilikuwa nimekubali mara tatu kuongeza ndevu kwa sababu Coyle aliniambia niongeze, na sikuona kwa nini nimnyime Elzie kitu kimoja. Tuliandika tukiwa Newhall, wakati wa chakula, juu ya kasha la chakula cha farasi. Nilisema mimi ni mshonaji, niliyemfahamu. Nilisema Elzie Tackett alianguka kutoka juu ya farasi, hakuumwa muda mrefu, na amezikwa chini ya mwaloni katika vilima vya Newhall, mahali pazuri penye kivuli. Elzie alitaka niongeze kwamba ndugu wa kona ya Gower walimvulia kofia. Nikaongeza. Akauliza kama ingefaa kusema alikuwa akimtaja binti yake. Nikamwambia hilo si uongo, na nikaliandika mara mbili.

Mwaloni upo kweli, uko nyuma ya ile nyumba isiyo na nyuma. Alikwenda akauangalia ili kuhakikisha kivuli kinatosha.

Prather alikuwa amerudi, mshahara wa wale wenye fedha ulikuwa umeisha. Coyle aliita watu wakae mahali pao, na mpiga picha akakifuta kile kioo chekundu kwa tai yake. Elzie akaja bandani kwangu kama kawaida.

"Shuka langu, dada."

Nilimwambia bado bichi, nimelitoa kwenye chai sasa hivi, asubiri lipate jua. Alisema Coyle hatasubiri. Alilivaa hivyohivyo, likamgandama kichwani na mabegani, maji ya chai yakimtiririka hadi kwenye viatu, akatoka kwenda kuwatisha watu mchana kweupe.