Namba Yangu Kwenye Programu

Duka letu la Al Mankhool, huku kwa Waarabu, lilidarizi sare za wafanyakazi wa hoteli. Mashine ilikuwa nzima, lakini tulipobadilisha kompyuta, programu ya kuchorea nembo ikagoma. Ilitaka idhini ya kampuni iliyoitengeneza, na kampuni yenyewe ilikuwa imeshafungwa.

"Yalla, wewe si fundi?" arbab, tajiri wangu mwenye duka, akaniambia. "Fungua."

Mombasa nilivunja kufuli za programu mchana kweupe, na wateja wakanishukuru. Hii tena mtu aliinunua kihalali, anazuiwa kutumia chake. Hadi leo sioni wizi hapo. Nilihangaika nayo siku tatu, ikafunguka, nikajiona bingwa. Kisha nikafanya kama mafundi wengi wa kwetu: kwenye ukurasa wa kwanza wa programu nikaandika namba yangu ya simu, ili mteja akikwama ajue pa kunipata.

Mwenzangu wa chumba kule International City, mlinzi kutoka Uganda, hakucheka nilipomsimulia.

"Ndugu yangu, kampuni ikifa mali yake inabaki. Umeuliza ni nani aliyenunua haki zake?"

Nilimtania kwamba ulinzi umemzidi, hata marehemu anawalindia mali. Lakini sikuwa nimeuliza.

Baada ya wiki chache arbab akaniambia kwa furaha kwamba nduguye wa Muscat ameichukua programu ile, na amewagawia wenzake wenye maduka. Kutengeneza chombo cha duka lako ni jambo moja. Kukisambaza nchi nyingine, yenye sheria zake, ni jingine kabisa. Nilifuta namba yangu kwenye nakala ya dukani siku hiyo hiyo. Za Muscat sikuwa na la kufanya.

"Khalas, usiwe mwoga," arbab alisema. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo yake, kwa hiyo nikarudi kwenye mashine.

Siku moja wakaja wanaume wawili baada ya sala ya alasiri, wamebeba laptopu. Walisema wametumwa na mwenye programu wa sasa, na kwamba nakala waliyokuwa nayo ilitoka Muscat. Walitaka kujua nani aliifungua.

"Mimi ni mtu wa nyuzi tu, sir," arbab alijibu bila kunitazama. "Kompyuta siijui."

Mmoja aliwasha laptopu, akausoma ule ukurasa wa kwanza, akatoa simu yake na kubonyeza namba moja moja bila haraka. Nilitia mkono mfukoni kuizima yangu. Ikalia kabla sijaifikia.